Kimbunga na Watu wa Pwani: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga na Bagamoyo

Barua zilizotufikia kuhusu vimbunga ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, na karibu zote zimetoka katika ukanda wa kuanzia Mkinga hadi Bagamoyo. Nimechagua zile ambazo naamini zinauliza jambo ambalo wengi wanalo moyoni. Baadhi nimezifupisha, lakini hoja zimebaki kama zilivyoandikwa.

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mvuvi wa Kigombe, wilayani Muheza. Mwezi Mei 2024 tulitangaziwa kimbunga Hidaya, tukavuta vyombo juu na kukaa bila kutoka, na hapa kwetu hatukuona zaidi ya upepo na mawimbi. Wazee wetu husema kimbunga huishia Msumbiji na Komoro, Tanga hakifiki. Riziki ya siku zile haikurudi. Je, tukitangaziwa tena tukae, au twende zetu kazini?

JIBU: Kaeni, ndugu yangu. Nasema hivyo nikijua kwamba siku isiyo na samaki ni siku isiyo na unga wala ada ya mtoto, na kwamba anayekushauri usitoke mara nyingi ana mshahara unaomsubiri mwisho wa mwezi. Kwa hiyo unastahili kuelezwa sababu, si kuamriwa tu.

Wazee wenu wana hoja. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi, na ili upepo wake uanze kujizungusha unahitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia, msukumo ambao karibu na ikweta ni dhaifu mno. Ndiyo maana vimbunga ni nadra sana katika eneo lililo ndani ya nyuzi tano za latitudo kutoka ikweta. Tanga iko kusini kidogo tu mwa mstari huo, na Bagamoyo iko kwenye nyuzi sita na nusu hivi. Ukiongeza kisiwa kikubwa cha Madagaska, ambacho hupokea vingi vya vimbunga vinavyotoka mashariki, utaona jinsi mtu anavyoweza kuzaliwa na kuzeeka Kigombe bila kukutana na kimbunga kamili.

Hata hivyo, historia ya pwani hii haituruhusu kusema kwamba hakifiki. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja meli za Sultani Barghash na majahazi yaliyotia nanga bandarini, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa kile, na upande wa bara kikaharibu misheni ya Wakatoliki ya Bagamoyo, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1868 tu. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilipita karibu na Ngazija kisha kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwendo wa siku moja tu kutoka Mtwara, kikiwa na upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Aprili 2021 Jobo kilielekea moja kwa moja kwenye pwani yetu, na kwa rehema ya Mungu kilidhoofika kabla ya kufika nchi kavu. Hidaya chenyewe kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zilizoambatana nacho ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika maeneo ya Kilwa. Watu wa Kilwa hawawezi kukubali kwamba tangazo lile lilikuwa la bure.

Sasa tazama umbali. Kutoka Mafia hadi Kigombe ni takriban kilomita 300. Kimbunga kinachotembea kilomita 15 kwa saa, ambao ni mwendo wa kawaida, hukata masafa hayo kwa chini ya siku moja. Wataalamu wakikadiria leo mahali ambapo kitovu kitakuwa kesho, wanaweza kukosea kwa makumi ya kilomita, na wakikadiria siku nne au tano mbele wanaweza kukosea kwa mamia. Hawawezi kusubiri hadi wawe na uhakika ndipo wakutangazie, kwa sababu wakati wa uhakika wewe utakuwa tayari uko kwenye miamba ya nje, na ngalawa haina mashine ya kukurudisha nyumbani ndani ya nusu saa.

Kuna jambo jingine ambalo wavuvi wa kaskazini mwa kitovu wanapaswa kulijua. Katika upande wetu wa dunia kimbunga huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa akrabu za saa. Kikiingia kutoka mashariki kuelekea nchi kavu, walio kusini mwa kitovu husukumiwa bahari juu yao, na walio kaskazini hupata upepo unaotoka bara kwenda baharini. Kama kitovu kiko Mafia nawe uko Kigombe, ufukwe wako unaweza kuonekana tulivu kiasi, mawimbi ya karibu yakawa madogo, ilhali upepo ule ule unaokuonyesha utulivu ndio utakaokupeleka nje usiweze kurudi kwa tanga wala kwa kasia. Bahari iliyotulia karibu na ufukwe siku ya tangazo isimpe mtu moyo wa kutoka.

Kuhusu riziki iliyopotea, nakubaliana nawe kabisa kwamba si haki mzigo wa tahadhari kubebwa na mvuvi peke yake. Vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe na rasilimali za uvuvi, vinaweza kutenga sehemu ndogo ya makusanyo yao kwa ajili ya kuwakopesha wanachama chakula siku ambazo bahari imefungwa, na halmashauri zinazotoza ushuru wa samaki mwaka mzima hazipaswi kuona taabu kuchangia mfuko wa namna hiyo. Lipelekeni jambo hili kwenye mkutano wa kijiji wakati bahari ni shwari, kabla ya Novemba, maana msimu wa vimbunga katika eneo letu huanza Novemba hadi Aprili, na kama ulivyoona kwa Hidaya, Mei nayo haiko salama.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Pangani. Wanafunzi wangu huniuliza majina kama Hidaya na Chido hutolewa na nani, na kama vimbunga vya Marekani ni vikubwa kuliko vya kwetu, kwa sababu ndivyo wanavyoviona zaidi kwenye televisheni.

JIBU: Mwalimu, majina hutoka katika orodha inayoandaliwa mapema kwa mapendekezo ya nchi za kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo. Dhoruba hupewa jina upepo wake unapofikia kilomita 63 kwa saa. Ikiwa magharibi mwa nyuzi 55 za longitudo jina hutolewa na Madagaska, na ikiwa mashariki mwa mstari huo hutolewa na Morisi, huku kituo cha Ufaransa kilichoko kisiwa cha Réunion kikifuatilia mwenendo wa dhoruba zote za eneo hili. Huhesabiwa kuwa kimbunga kamili upepo unapofikia takriban kilomita 118 kwa saa.

Ama ukubwa, waambie kwamba tufani ya Atlantiki na kimbunga cha Bahari ya Hindi ni kitu kimoja kilichozaliwa katika bahari tofauti, kinachokula joto lile lile la maji. Freddy cha mwaka 2023 kilianzia karibu na Australia, kikavuka bahari yote, kikapiga Madagaska, kisha Msumbiji mara mbili, kikadumu zaidi ya mwezi mmoja, na mvua zake zikaua mamia ya watu nchini Malawi. Tofauti iliyopo ni ya kamera.

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Mlingotini, Bagamoyo, tunalima mwani. Tunaposikia kimbunga kimepiga nchi fulani, huhesabiwa waliokufa, kisha habari inakwisha. Tungependa kujua waliobaki hai hukutwa na nini, hasa watu wa ufukweni kama sisi.

JIBU: Shikamooni, mama zangu. Hili ndilo swali nililolisubiri, na mtaniwia radhi nikilijibu kwa urefu.

Kwanza tuanze na maji, kwa sababu watu wengi huogopa upepo ilhali katika vimbunga vikubwa vya historia wengi waliuawa na maji. Katikati ya kimbunga mgandamizo wa hewa hushuka, na kwa kila milibari moja inayoshuka bahari huinuka kwa takriban sentimita moja. Hicho ni kidogo. Kikubwa ni upepo unaoyasukuma maji kwa saa nyingi kuelekea pwani yenye kina kifupi, yakakosa pa kwenda isipokuwa juu ya nchi kavu. Ninyi mnaijua bahari kwa miguu yenu, mnajua kwamba wakati wa bamvua hapa kwetu hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi. Bahari iliyoinuliwa na kimbunga ikifika wakati maji yamekupwa, huenda isivuke sana kiwango mnachokizoea. Ikifika usiku wa bamvua wakati maji yamejaa, itaingia mahali ambapo hakuna aliye hai aliyewahi kuiona. Kwa hiyo mkisikia tangazo, ulizeni pia kama ni siku za bamvua au za maji mafu, na maji yatajaa saa ngapi.

Kisha mito hufuata. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira, mji wa bandari wa Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15, na wakati watu wanaanza kuokota mabati yao, mito ya Pungwe na Buzi ilikuwa ikijaa kwa mvua zilizonyesha bara, ikafunika vijiji na mashamba hadi picha za setilaiti zikaonyesha kama bahari nyingine imezaliwa nchi kavu. Zaidi ya watu 1,000 walikufa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Bagamoyo ina Ruvu kaskazini mwa mji na Wami mbele yake kidogo, Tanga ina Pangani, Zigi na Umba. Mtu aliyenusurika na bahari Jumapili anaweza kukutwa na mto Jumatano akiwa kwenye shamba la mpunga anaangalia kilichobaki.

Baada ya maji kuondoka, tatizo la kwanza huwa kisima. Bahari ikiingia kijijini humwaga chumvi na vinyesi vya vyoo vilivyofurika ndani ya visima vifupi, na maji yake yakaonekana safi kwa macho. Beira haikumaliza wiki mbili kabla ya kipindupindu kutangazwa, wagonjwa wakafikia maelfu, na chanjo ya kunywa ikabidi itolewe kwa mamia ya maelfu ya watu ili kuuzima. Chumvi nayo haiondoki kwa dawa ya maji: kisima hupaswa kutekwa na kusafishwa mara kwa mara, na wakati mwingine mvua za msimu mzima ndizo huyarudisha maji matamu. Kaya yenye madumu yaliyojazwa na kufungwa kabla ya kimbunga imejiokoa na ugonjwa katika siku zile ambazo msaada bado haujafika, na madumu hayo ni kazi ya mchana mmoja.

Kuhusu mwani wenu, nisiwafiche. Mawimbi makubwa hung'oa vigingi, na kigingi kimoja kikitoka kamba hulegea, ikajisokota na ya jirani, na ndani ya saa chache shamba zima huwa fungu moja lililotupwa ufukweni, mbegu zimekatika, kamba zimefungana hata haziwezi kufumuliwa. Mkulima aliyepata tangazo la siku mbili anaweza kuvuna hata kama mwani haujatimiza wiki zake sita, akaanika alichopata, na akahifadhi kamba pamoja na mbegu kidogo mahali penye maji ya kina na pasipopigwa na mawimbi. Hasara itakuwepo, lakini kamba zikibaki salama mtaanza upya bila mkopo. Naona hapo ndipo ilipo tofauti kati ya familia inayosimama tena na ile inayohama: kubakiwa na vyombo vya kazi. Mwenye nyumba ya udongo iliyoanguka ataijenga upya kwa miezi michache akisaidiwa na ndugu na majirani, lakini mwenye mashua iliyopasuka, nyavu zilizopotea na deni la nyavu hizo kwa tajiri wa samaki huishia kuwa kibarua kwenye chombo cha mtu mwingine kwa miaka.

Miti huchukua muda mrefu zaidi. Mnazi mrefu wa kienyeji unahitaji miaka sita au saba kuanza kuzaa vizuri, na mkarafuu hali kadhalika. Mwaka 1872 Unguja ilipopoteza mikarafuu yake, Pemba haikuguswa sana, na kuanzia hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu, hali iliyobadilisha mashamba, biashara na maisha ya watu wa visiwa vyote viwili hadi leo. Dhoruba ya siku moja ilihamisha uchumi kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine.

Mwisho kuna vifo visivyohesabiwa, mama zangu, na mko sahihi kulalamika kwamba habari huisha mapema. Tufani Maria ilipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, na kwa muda mrefu hesabu rasmi ilibaki watu 64. Baada ya uchunguzi wa takwimu za vifo, mwaka uliofuata serikali ya kisiwa ilikubali idadi ya 2,975. Wengi wao waliangamizwa na miezi iliyofuata, bila umeme, bila dawa za sukari na presha zilizohifadhiwa vizuri, bila barabara ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Kama katika kikundi chenu kuna mwenye ugonjwa wa kudumu, au mjamzito anayekaribia kujifungua, yeye ndiye wa kwanza kuondolewa ufukweni tangazo linapotoka, awahi kuwa karibu na kituo cha afya kabla daraja halijakatika.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuezeka, Chumbageni, Tanga. Nimewahi kuona paa zima likiruka kwa upepo wa kawaida tu wa kusi. Je, kuna namna ya kuezeka itakayostahimili kimbunga?

JIBU: Fundi, hakuna paa la mabati la nyumba ya kawaida ninaloweza kukudhaminia mbele ya kimbunga kikali, lakini lipo jambo kubwa la kufanya kwa upepo ulio chini ya hapo, na gharama yake ni ndogo.

Upepo haulisukumi paa chini, hulivuta juu. Ukipita kwa kasi juu ya bati hufanya uvutaji, na ukiingia chini ya baraza hufanya usukumaji kutoka chini, kwa hiyo bati la ukingoni hupigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Panda siku moja kwenye paa la zamani la mteja wako utazame msumari wa ukingoni: utakuta tundu limepanuka kidogo, kichwa cha msumari kimeinuka upana wa kucha, na papi chini yake imeanza kupasuka kwa kutu na unyevu. Hapo ndipo paa huanzia kuondoka. Bati la kwanza likifunguka upepo huingia ndani ya nyumba, na baada ya hapo mabati yaliyofungwa vizuri nayo hayana msaada, kwa sababu sasa kenchi yote inasukumwa kutoka ndani.

Kwa hiyo ongeza misumari katika safu za ukingoni na kwenye mgongo wa paa, usiitandaze sawasawa kama unavyofanya katikati. Punguza urefu wa baraza linaloning'inia, au lifanyie paa lake peke yake ili likiondoka lisiondoke na nyumba. Muhimu kuliko yote ni kenchi kushikana na ukuta: wakati wa kumwaga linta, acha vipande vya nondo au waya mnene vilivyozama ndani ya zege, kisha uvikunje juu ya kenchi na kuvipigilia. Nyumba nyingi ninazoziona zikijengwa kenchi imekaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu na misumari miwili. Mteja akilalamikia bei ya waya, mwambie ailinganishe na bei ya bandali moja ya bati. Makuti yana nafuu yake, kwani yakiruka hayamkati mtu, lakini bati linaloruka ni panga, na huko Mayotte, kisiwa cha Ufaransa karibu na Komoro, ambako kimbunga Chido kilipiga tarehe 14 Desemba 2024, vitongoji vizima vya nyumba za mabati vilisambaratika.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwenyekiti wa mtaa ulio karibu na ufukwe, Bagamoyo. Ikitangazwa kwamba watu wahame, niwapeleke wapi? Wazee hawatakubali kuacha nyumba zao, na vijana wataogopa wizi.

JIBU: Mheshimiwa mwenyekiti, kabla ya kueleza wapi, niseme kwamba swali hili likijibiwa siku ya tangazo limechelewa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo una mamlaka ya kuitisha kikao sasa.

Mfano ninaouheshimu zaidi ni wa Bangladesh, nchi yenye uwezo usiotofautiana sana na wetu. Novemba 1970 kimbunga kiliua huko watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1991 kingine kiliua takriban 138,000. Mwaka 2007 Sidr, ambacho kilikuwa na nguvu kubwa pia, kiliua watu wapatao 3,400, na tangu hapo idadi imeendelea kushuka. Bahari yao haikupungua ukali. Walijenga majengo ya zege juu ya nguzo ambayo siku za kawaida ni shule, wakapandisha tuta za udongo za kukimbilizia mifugo, na wakaandaa watu wa kujitolea ambao sasa wanazidi 70,000, nusu yao wanawake, wanaopita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti na bendera. Jambo la wanawake si la mapambo. Mwaka 1991 wanawake waliokufa waliwazidi wanaume kwa mbali, na miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba wengi walibaki nyumbani na watoto wakisubiri ruhusa au kurudi kwa waume zao. Kama kamati yako ya mtaa ina wanaume watupu, tangazo lako litaishia barazani.

Katika mtaa wako tafuta majengo imara yaliyo juu, shule, msikiti, kanisa au ghala, yenye paa lililofungwa vizuri na vyoo vinavyofanya kazi, na uyakague pamoja na fundi. Zungumza na wenye funguo. Tembea njia ya kwenda huko usiku, bila taa, na mvua ikiwezekana, uone kama kuna korongo au daraja litakalojaa kwanza. Andika orodha ya wasioweza kutembea, na kila mmoja umpe kijana wa kumbeba anayejulikana kwa jina, kwa makubaliano na familia.

Wazee hawakatai kwa ukaidi. Wanajua jinsi walivyohangaika kuipata ile nyumba, na wanaogopa kudhalilika mahali pasipo na stara. Ukiwahakikishia sehemu ya wanawake na ya wanaume, maji ya kutawadha, na mkeka wao wenyewe, wengi watakuja. Kuhusu wizi, panga sungusungu wa zamu wabaki mahali pa juu panapoona mtaa, waondoke nao kabla ya upepo kuzidi. Na mapema kabisa watangazie kwamba kwenye makazi hayo ya muda hakuna atakayeulizwa kitambulisho, kodi wala uhamiaji. Huko Mayotte baadhi ya watu wasio na hati waliogopa kwenda kwenye vituo vya hifadhi kwa kudhani watakamatwa, wakabaki kwenye mabati. Pwani yetu nayo ina wavuvi wa dago kutoka mbali na vibarua wa mashamba ya chumvi wasiojulikana na mjumbe yeyote, na hao ndio wanaolala karibu zaidi na maji.

Mwisho, fuata rangi za Mamlaka ya Hali ya Hewa: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Usiisubiri nyekundu ndipo uanze kuwabeba wasiojiweza. Kwao kazi ianze kwenye chungwa.

SWALI: Je, mikoko inazuia kimbunga? Nasoma chuo, natokea Moa, Mkinga.

JIBU: Haizuii kimbunga wala bahari iliyoinuka, lakini msitu mpana wa mikoko huvunja nguvu ya mawimbi na kushikilia udongo, hivyo chombo kilichofungwa ndani ya mkondo wenye mikoko kina nafasi nzuri kuliko kilichoachwa ufukweni. Mstari mwembamba wa miti michache hausaidii sana. Mikoko yote nchini ni hifadhi na haikatwi bila kibali, ila boriti na vigingi vya mwani bado vinatoka humo kila wiki, na kwenu Moa mnaweza kuanza kwa kuwatafutia wakulima wa mwani vigingi vya mti mwingine.

SWALI: Nimesikia kwamba katikati ya kimbunga upepo hunyamaza kabisa. Ikitokea hivyo, mtu anaweza kutoka kwenda kutazama chombo chake? Msomaji, Sahare, Tanga.

JIBU: Asitoke. Hilo ni jicho la kimbunga, na linaweza kuchukua dakika chache au zaidi ya nusu saa, kisha upepo hurudi ghafla ukitokea upande wa pili. Waliokuwa wamejikinga nyuma ya ukuta hujikuta wako mbele yake, na chombo kilichofungwa kwa upepo wa kwanza huvutwa kinyume na kamba zake. Subiri hadi Mamlaka ya Hali ya Hewa itangaze kwamba kimepita. Ukitoka, usiguse waya wowote ulioanguka hata kama mtaa mzima hauna umeme, usivuke maji yanayotembea usiyoyajua kina, na ukimkuta mtu amefunikwa na kifusi piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha anza kuita majirani.